select, poll, epoll, kqueue au io_uring: seva yako inahitaji ipi?

Chukua seva inayopokea taarifa za vifaa vya GPS vilivyofungwa kwenye mabasi na malori. Vifaa ni 20,000. Kila kimoja kimefungua muunganisho wake wa TCP na kuuacha wazi mchana kutwa, na kila sekunde 30 kinatuma ujumbe mmoja mfupi. Ukigawanya, unapata ujumbe takriban 667 kwa sekunde. Kwa kompyuta ya leo huo si mzigo. Kibarua ni kujua, kati ya soketi 20,000 (ncha za miunganisho hiyo kwenye seva), ni ipi hasa iliyosema sasa hivi.

Swali hilo lina majibu matano yanayotumika sana, yale ya kwenye kichwa cha makala hii, na anayeandika programu ya mtandao kwa C, C++, Rust au Zig hana budi kuchagua mapema. Uamuzi wenyewe unaingia hadi kwenye namna unavyopanga kumbukumbu, na kuugeuza baada ya mwaka ni karibu sawa na kuandika upya.

Njia ya kufungua uzi (thread) mmoja kwa kila muunganisho sitaipa sehemu yake hapa, lakini usiidharau. Kama wateja wako ni mia mbili na hakuna dalili kwamba wataongezeka, mpe kila mmoja uzi wake, tumia read na write za kawaida, kisha uendelee na mambo mengine. Linux hutengea kila uzi megabaiti 8 za stack, ila hizo ni anwani tu; kumbukumbu halisi huchukuliwa kadiri inavyoguswa. Shida huanza nyuzi zinapofika maelfu na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikawa inatumia muda mwingi kuzipokezana kichakataji. Mwaka 1999 Dan Kegel aliipa shida hiyo jina la C10K, yaani kuhudumia wateja elfu kumi kwa seva moja.

Ipo tayari, au imekwisha?

Kabla ya vigezo, kuna mpaka mmoja mkubwa kuliko mingine yote. select, poll, epoll na kqueue hutoa habari ya utayari. Keneli inakuambia kwamba soketi fulani ina data, nawe unakwenda kuisoma mwenyewe. io_uring, pamoja na IOCP, njia ya Windows ya kazi hiyohiyo, hutoa habari ya ukamilifu. Unaagiza mapema kwamba data ikifika iwekwe kwenye bafa hii, yaani kipande hiki cha kumbukumbu, halafu unaambiwa imeshawekwa, baiti 112. Ni kama kupigiwa simu kwamba mzigo wako umefika stendi, ukilinganisha na kumwagiza kijana wa bodaboda akuletee mlangoni. Huyu wa pili anakuondolea safari, lakini lazima umwandalie pa kuutua, na hupaswi kupabomoa kabla hajafika.

Hapo pa kutua mzigo ndipo penye ugumu mwingi wa io_uring. Nitapafikia.

Vigezo

Kila chaguo nitaliuliza mambo yaleyale. Gharama: je, kazi ya kila mwito kwa keneli inakua kwa idadi ya soketi zote unazozifuatilia, au kwa zile zenye jambo tu? Ukomo: kuna idadi usiyoweza kuivuka? Mahali: inapatikana kwenye mifumo gani? Mitego: watu hukosea wapi? Mwisho, inamfaa nani.

Kigezo cha kasi sikukiweka peke yake, na nimefanya hivyo makusudi. Michoro mingi ya kasi hupimwa kwa miunganisho inayopiga kelele muda wote, au kwa maelfu yaliyonyamaza kabisa, na mshindi hubadilika kulingana na hali iliyochaguliwa. Kinachoamua ni uwiano wa walio kimya na wanaosema. Ukiujua uwiano wa seva yako, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Neno moja la istilahi: ile namba unayopewa na keneli unapofungua soketi au faili, wenye kazi huiita fd, nami nitaiita hivyo.

select

Huu ni mkongwe uliokuja na 4.2BSD mwaka 1983.

*Gharama.* Unaipa keneli seti tatu za biti: za kusoma, za kuandika na za hali za pekee. Inazipitia biti moja moja hadi fd kubwa uliyoitaja, kisha inaandika majibu juu ya seti zilezile. Kwa hiyo kila mwito unakulazimu kuzijenga upya, na baada yake kuzipitia tena ili kuona nani kajibu. Kwa soketi kumi hutahisi lolote.

*Ukomo.* Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, ni 1024, na hapa ndipo wengi hudanganyika: hiyo si idadi ya soketi, ni ukomo wa namba ya fd yenyewe. Programu inayofuatilia soketi tatu tu, lakini tayari imefungua faili 2,000, itapewa soketi mpya yenye fd inayozidi 2,000. FD_SET ikitumiwa kwa namba hiyo inaandika nje ya seti, kwenye kumbukumbu ya kitu kingine. Ukiwa na bahati, ulinzi wa _FORTIFY_SOURCE utaisimamisha programu papo hapo. Usipokuwa nayo, hitilafu itajitokeza mahali pasipohusiana kabisa na mtandao, nawe utaisaka huko. Ndiyo maana systemd, hata ilipopandisha kikomo cha juu cha fd hadi 524,288, iliacha kile cha kawaida kwenye 1024, ili programu za zamani za select zisije zikaharibika bila kujua. Kwenye Windows hesabu ni nyingine: kikomo cha kawaida ni 64, ni idadi kweli, na unaweza kukiongeza kabla ya kukompaili.

*Mahali.* Kila mahali. Linux, BSD zote, macOS, Windows kwa soketi tu, na hata lwIP, ile programu ndogo ya mtandao inayotumika kwenye vidhibiti kama ESP32.

*Mitego.* Mbali na 1024, Linux hukubadilishia muda wa kusubiri uliouweka na kukuandikia uliobaki, wakati mifumo mingine haiugusi. Uweke upya kabla ya kila mwito.

*Inamfaa* anayeandika kwa ajili ya kifaa kidogo, au zana fupi yenye soketi mbili tatu inayopaswa kukompailiwa popote. Kwa seva mpya ya Linux sioni sababu ya kuutumia.

poll

Ulitokea upande wa System V katika miaka ya 1980, na Linux ikaupokea mwaka 1997.

*Gharama.* Badala ya biti unatoa safu ya vipengele. Kila kipengele kina fd, matukio unayoyataka, na nafasi ya pekee ya majibu. Kwa kuwa majibu hayafuti maombi, huhitaji kujenga upya. Ila safu nzima bado inasafiri hadi kwenye keneli kwa kila mwito, na keneli inaikagua yote. Rudi kwa mabasi yetu: kipengele kimoja ni baiti 8, mara 20,000 ni baiti 160,000. Tuseme kila ujumbe unaiamsha programu peke yake. Hapo unanakili zaidi ya megabaiti 100 kila sekunde na kukagua soketi zaidi ya milioni 13, yote hayo ili kupata ujumbe 667. Karibu kazi yote hiyo ni ya bure.

Sasa geuza hali. Una soketi 50 na karibu zote zina data kila unapoita, kama ilivyo kwa wakala (proxy) anayepitisha mkondo wa video. Kukagua zote 50 si hasara tena, maana ungezigusa zote hata hivyo. Katika hali hiyo poll haiachwi nyuma na epoll, na msimbo wake ni mfupi.

*Ukomo.* Ni ule tu wa idadi ya fd unazoruhusiwa kufungua.

*Mahali.* Linux, BSD, macOS na mifumo mingine ya ukoo wa Unix. Windows ina WSAPoll tangu Vista.

*Mitego.* Miwili, na yote ni ya familia nzima ya utayari, si ya poll peke yake. Wa kwanza: usiamini kwamba "tayari" maana yake read haitasubiri. Linux inaweza kukuambia soketi ya UDP ina data, halafu pakiti ikatupwa kwa sababu hesabu ya uhakiki wake ni mbaya, na read yako ikaganda pamoja na seva nzima. Kila soketi iwekee O_NONBLOCK, ili read irudi papo hapo badala ya kusubiri. Wa pili: usiombe taarifa ya kuandika muda wote. Soketi iliyotulia karibu siku zote ina nafasi ya kuandikia, kwa hiyo poll itarudi papo hapo bila kukoma na kichakataji kitapanda hadi asilimia 100 pasipo kazi yoyote. Andika kwanza, ukipata EAGAIN, yaani "haiwezekani kwa sasa, jaribu tena", ndipo uombe taarifa, na ukimaliza kuandika uiondoe.

Pia kuna kijihila kizuri: fd hasi kwenye safu hurukwa. Ukitaka kumnyamazisha mteja kwa muda, geuza alama ya namba yake. Huhitaji kupanga safu upya. Ila fd 0 haina hasi yake, kwa hiyo kwa namba hiyo tafuta njia nyingine.

*Inamfaa* mwenye soketi chache au mamia kadhaa, anayetaka msimbo mmoja uende Linux na macOS bila matawi.

epoll

Hapa nitakaa zaidi, maana wengi wanaosoma ulinganisho huu wataishia hapa. Ni kazi ya Davide Libenzi, iliyoingia kwenye keneli ya majaribio 2.5.44 mwaka 2002.

*Gharama.* Orodha ya soketi inakaa ndani ya keneli. Unamsajili mteja mara moja kwa epoll_ctl anapoingia, na usajili wake unatunzwa kwenye mti wa aina ya red-black. Pakiti ikifika, keneli inaiweka soketi husika kwenye orodha nyingine fupi ya zilizo tayari, na epoll_wait inakupa hiyo orodha fupi tu. Mabasi 19,990 yaliyonyamaza hayakugharimu chochote katika mwito huo isipokuwa kumbukumbu. Udhaifu uko upande wa pili: kila badiliko la usajili ni mwito mmoja wa mfumo. Seva ya miunganisho mifupi mno, ya kuingia, kuuliza na kutoka, inalipa epoll_ctl kwa kila mteja.

*Ukomo.* Wa kivitendo ni kumbukumbu na kikomo cha fd.

*Mahali.* Linux peke yake.

*Mitego.* Ni mingi.

Kwanza unachagua namna ya kuamshwa. Kwa hali, ambayo ndiyo ya kawaida, utaambiwa kila unapoita maadamu data bado imo. Kwa badiliko, yaani EPOLLET, utaambiwa pale jambo jipya linapotokea tu. Ukichagua badiliko lazima usome hadi EAGAIN. Ukisoma nusu ya ombi na kurudi kusubiri, ile nusu iliyobaki inakaa kwenye soketi, mteja anasubiri jibu lako, wewe unasubiri data mpya yake, na wote wawili mnatazamana hadi muda uishe. Hitilafu ya namna hii haionekani kwenye majaribio ya mezani, kwa sababu ujumbe mfupi husomwa wote kwa mara moja. Lakini ukisoma hadi EAGAIN bila mpaka, mteja mmoja mwenye mtandao wa kasi anaweza kukushika huku wengine wakingoja. Dawa ni kumsomea kiasi, kumweka kwenye orodha yako mwenyewe ya wasiokwisha, na kumrudia baada ya wengine.

Je, badiliko lina kasi zaidi? Linapunguza kuamshwa kusikohitajika, basi. nginx na Go hutumia EPOLLET. Redis na libuv hutumia hali. Pande zote mbili zinahudumia seva kubwa, kwa hiyo ukianza leo anza na hali, uwe na sababu iliyopimwa kabla ya kuhama.

Mtego wa pili hauandikwi sana. epoll_wait imekupa matukio 64. Tukio la tatu linakufanya umfunge mteja ambaye naye ana tukio lake, la arobaini, kwenye kundi hilohilo. Umeshaachia kumbukumbu yake. Ukifika la arobaini, kiashiria ulichokihifadhi kwenye tukio kinaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokufa, au vibaya zaidi, kwa mteja mpya aliyepewa fd ileile. Usiachie kumbukumbu katikati ya kundi; weka wafu kando na uwazike kundi likiisha. Wengine huhifadhi namba ya kizazi pamoja na fd ndani ya zile biti 64 za data, wakitupa tukio ambalo kizazi chake hakilingani. Njia zote mbili zinafaa.

Wa tatu ni wa close. Usajili wa epoll umefungwa kwenye soketi yenyewe ndani ya keneli, si kwenye namba ya fd. Kama ulitumia dup kunakili fd, au fork ikamwachia mchakato mtoto nakala, kufunga fd yako hakuondoi usajili. Matukio yataendelea kuja kwa fd usiyonayo tena, na EPOLL_CTL_DEL haitakubali kwa kuwa namba haipo. Ondoa kwanza, funga baadaye.

Mwisho, faili za kawaida za diski hazikubaliki: epoll_ctl itarudisha EPERM, yaani "hairuhusiwi". Saa, ishara na kuamshana kwa nyuzi zinaingia, kupitia timerfd, signalfd na eventfd. Kwa nyuzi nyingi zinazogombea accept, mwito wa kupokea mteja mpya, kuna EPOLLEXCLUSIVE tangu keneli 4.5, au SO_REUSEPORT tangu 3.9, ambayo inampa kila mfanyakazi soketi yake ya kusikilizia.

*Inamfaa* mwenye maelfu ya miunganisho mirefu iliyo kimya zaidi ya inavyosema, kwenye Linux. Soga, michezo, vifaa, arifa, na mabasi yetu.

kqueue

Jonathan Lemon aliuandika kwa FreeBSD, ukatoka na toleo 4.1 mwaka 2000, miaka miwili kabla ya epoll. Kwa maoni yangu ndio uliosanifiwa vizuri kuliko wote wa utayari, na wanaouzoea huona epoll kama imekatiwa njiani.

*Gharama.* Kama epoll, unalipa kwa walio tayari tu. Tofauti ni kwamba mwito mmoja wa kevent unapeleka mabadiliko mengi ya usajili na kurudisha matukio kwa pamoja. Ile ada ya epoll_ctl kwa kila mteja haipo.

*Ukomo.* Hauna wa kwake.

*Mahali.* FreeBSD, OpenBSD, NetBSD, DragonFly, macOS na iOS. Linux hakuna.

*Mitego.* Ni michache. Kusoma na kuandika ni usajili mbalimbali, kwa hiyo soketi moja inaweza kuleta matukio mawili kwenye kundi moja, na suala la wafu nililolieleza juu lipo hapa pia. Ukifunga fd, usajili wake unaondoka wenyewe. Kuamshwa kwa badiliko ni EV_CLEAR, na sheria ya kusoma hadi EAGAIN ni ileile, ingawa tukio linakuja na idadi ya baiti zinazosubiri, jambo linalosaidia kupanga bafa. Saa, ishara, kufa kwa michakato na mabadiliko ya faili vyote vinapitia mlango huohuo. Foleni yenyewe hairithiwi na mtoto baada ya fork; atafungua yake.

*Inamfaa* anayeendesha seva za FreeBSD, au anayeandika programu itakayokaa kwenye Mac. Kwa asiyeamini uwezo wa FreeBSD: mwaka 2012 WhatsApp ilitangaza kwamba seva yake moja ya FreeBSD ilibeba zaidi ya miunganisho milioni 2 kwa wakati mmoja.

io_uring

Jens Axboe aliuleta kwenye Linux 5.1, Mei 2019.

*Gharama.* Programu na keneli wanashirikiana kumbukumbu yenye pete mbili. Kwenye ya kwanza unaandika maombi: pokea, tuma, kubali mteja, soma faili. Kwenye ya pili keneli inaandika matokeo. Unaweza kujaza maombi 200 na kuyasukuma kwa mwito mmoja wa io_uring_enter. Kupunguza miito kulikuwa na thamani zaidi baada ya Januari 2018, kwa sababu kinga dhidi ya Meltdown na Spectre, udhaifu wa vichakataji, zilifanya kila kuvuka kwenda kwenye keneli kuwe ghali zaidi. Ipo pia SQPOLL, ambapo uzi wa keneli unachungulia pete yako maadamu kazi inaendelea, na huhitaji mwito hata mmoja, ila uzi huo unakula kichakataji kizima. Kwenye VPS, yaani seva pepe ya kukodi, yenye vichakataji viwili, umejinyima nusu ya mashine.

Kwa mabasi yetu yenye ujumbe 667 kwa sekunde hutaiona tofauti. Itaonekana kwa seva inayopitisha ujumbe mdogo mdogo mamia ya maelfu kwa sekunde, au inayochanganya mtandao na diski nyingi, kwa kuwa faili za kawaida zinaingia humu bila vikwazo vya epoll.

*Ukomo.* Ukubwa wa pete unauchagua mwenyewe. Ukichelewa kuvuna matokeo pete inajaa, na matoleo mapya ya keneli huyahifadhi pembeni hadi uyafuate.

*Mahali.* Linux, na toleo lina uzito kuliko kwa wengine wote. Kukubali wateja kwa ombi moja lisiloisha, pamoja na pete za bafa, vilikuja 5.19, kupokea data kwa ombi lisiloisha kulikuja 6.0. Ubuntu 22.04 ilitoka na keneli 5.15, kwa hiyo mifano mizuri unayoisoma haitafanya kazi humo. Debian 12 ina 6.1 na Ubuntu 24.04 ina 6.8, hapo uko salama.

*Mitego.* Ile ya pa kutua mzigo. Ukiagiza kupokea kwa kila basi, na kila agizo likahitaji bafa yake ya baiti 4,096, umeshatenga karibu megabaiti 82 kwa ajili ya soketi zilizolala. Kwa epoll ungetumia bafa moja kwa wote. Pete za bafa zinatibu hilo: unaweka fungu la pamoja, na keneli inachukua bafa moja pale tu data inapofika. Lakini ndio msimbo zaidi, na usiporudisha bafa kwa wakati fungu linaisha na mapokezi yanakatika kwa ENOBUFS.

Tena, bafa iliyo mikononi mwa keneli si yako. Mteja amekatika, unataka kuachia kumbukumbu yake, lakini agizo lake bado liko njiani. Unaomba lifutwe, na unasubiri tokeo la kufutwa, ndipo unaachia. Katika Rust jambo hili limewatesa waandishi wa maktaba za async, kwa kuwa huko future, yaani kazi ambayo haijakamilika, inaweza kutupwa wakati wowote huku keneli ikiendelea kuandika kwenye kumbukumbu iliyokuwa ndani yake.

Kisha kuna usalama, na hapa uchaguzi unaweza usiwe wako. Mwaka 2023 Google ilieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wake wa zawadi za udhaifu wa keneli yalipitia io_uring. Ikauzima kwenye ChromeOS na kwenye seva zake za uzalishaji, na kuubana kwenye Android. Mpangilio wa kawaida wa seccomp (kichujio cha miito ya mfumo) wa Docker sasa unauzuia, na tangu keneli 6.6 msimamizi ana swichi ya kuuzima, kernel.io_uring_disabled. Programu yako inaweza kwenda vizuri kwenye laptop na kupata EPERM ikifika kwenye kontena.

*Inamfaa* anayemiliki mashine na keneli yake, mwenye mzigo mkubwa uliopimwa, na mwenye muda wa kujifunza upya suala la nani anamiliki kumbukumbu.

Sasa uchague

Kama unaandika kwa ajili ya kifaa kidogo chenye soketi chache, tumia select uliyopewa na usiumize kichwa.

Kama ni wakala au zana yenye miunganisho makumi, karibu yote ikifanya kazi muda wote, poll inatosha. Msimbo utausoma mwakani bila kuhitaji maelezo.

Kama ni seva ya Linux yenye maelfu ya wateja wakimya, ni epoll kwa hali, bafa moja ya kusomea kwa kila uzi, na SO_REUSEPORT ukihitaji vichakataji zaidi.

Ukiwa FreeBSD au macOS, kqueue. Ukihitaji Linux na macOS kwa pamoja, usiandike safu ya kuficha tofauti zao kabla hujatazama zilizopo: libuv na libevent kwa C, mio kwa Rust. Redis ilijiandikia yake, na wakati wa kukompailiwa inachagua kati ya evport ya Solaris, epoll, kqueue, na select kama hakuna kingine. Ni faili chache unazoweza kuzisoma kwa jioni moja. Windows ikiingia kwenye orodha, maktaba inakuwa lazima, kwa sababu IOCP ni ya ukamilifu na hailingani na mzunguko ulioandikiwa epoll. libuv ilitatua hilo kwa kuufanya uso wake karibu wote uwe wa ukamilifu, hata juu ya epoll.

Ukiwa unapeleka kazi kwenye kontena za mtu mwingine, usitegemee io_uring pasipo njia mbadala. Jaribu kuufungua programu inapoanza, na ukikataliwa rudi kwa epoll. Hiyo inakugharimu kutunza njia mbili, na kwa timu ya watu wawili sidhani kama inalipa.

Na kama tayari una epoll inayofanya kazi na unajiuliza kama uhame, endesha strace -c -f, zana inayohesabu miito ya mfumo, juu ya seva ikiwa na mzigo wa kawaida, kwenye mashine ya majaribio kwa sababu strace yenyewe inapunguza kasi. Gawanya idadi ya miito kwa idadi ya ujumbe uliopita. Ukiona miito mitano sita kwa kila ujumbe, tazama kwanza kama epoll_ctl inaitwa pasipo haja, au kama unaandika jibu vipande vipande mahali ambapo writev moja ingetosha. Yakirekebishwa hayo na miito bado ikawa ndiyo inayokula kichakataji, hapo jaribu io_uring kwenye njia moja yenye shughuli nyingi, upime tena kwa mzigo uleule.